MAONI: Staa Katuonyesha Waya wa Dhahabu, Mashabiki Ndio Tunalipia Giza

Wadau, ile video wengi mmeiona. Jina sitaji, kwanza sina hela ya wakili, pili mnamjua. Staa wetu anatutembeza ndani ya mjengo wake mpya, anafika kwenye chumba cha sinema: viti vya ngozi, mapazia mazito, projekta imening'inia darini, turubai limejaa ukuta mzima. Mpaka hapo safi, nampongeza, jasho lake hilo. Halafu anachuchumaa, anashika waya mnene kama kidole gumba, kichwa chake kinang'aa dhahabu, anatuambia kwamba ukiona picha ya projekta yako imefifia ujue umenunua waya wa bei chee, na waya wa kueleweka ndio huu. Duka kalitaja, na ukisema umetoka kwake unapunguziwa.

Chawa wakajaa kusifia. Mimi nikacheka, nikapita zangu. Nimeacha kucheka siku niliyopigiwa simu na mshkaji wangu mmoja wa Tabata.

Huyu jamaa ana projekta sebuleni kwa mama yake. Siku za kawaida familia inaangalia tamthilia, siku za mechi anapanga viti vya plastiki na majirani wanaingia kwa buku mbili. Hela ya kuanzia mama aliikopa vikoba, marejesho kila wiki, na vikoba havina msamaha. Sasa jamaa aliiona ile video wiki ile ile anayonunua vitu vyake. Akaenda duka lile lile, akachukua waya ule ule, mita 20, laki tatu na nusu. Yaani waya peke yake unakaribia bei ya projekta aliyonayo.

Siku ya Simba na Yanga, watu thelathini na kitu sebuleni. Picha ikaanza kutoa vinukta vyeupe kama nyota. Ikazima. Ikarudi baada ya sekunde chache, ikazima tena. Goli la kwanza sebule nzima ilikuwa giza, wamelisikia kwa shangwe za nyumba ya pili. Watu wakadai buku mbili zao, na ukweli wana haki. Jamaa akarudisha zote mpaka ya mwisho. Marejesho ya wiki ile mama alikwenda kuazima kwa shoga yake.

Kwa hiyo leo sina umbea. Leo naongelea waya.

Jambo la kwanza ambalo staa wetu kalikosea, na nadhani kalikosea kwa kuambiwa, si kwa ubaya: waya wa HDMI hauwezi kuifanya picha iwe "imefifia". Mnakumbuka mwisho wa 2012 Dar tulivyozimiwa analojia tukaambiwa nunueni ving'amuzi? Zamani ukikamata vibaya unaona vivuli, chenga, mchezaji ana miguu minne. Baada ya ving'amuzi mambo yakabadilika: ama picha ipo safi, ama imeganda na kukatika vipande vipande, ama hakuna kitu. HDMI ni dijitali, tabia yake ndiyo hiyo hiyo. Kinachopita ndani ni namba tu, moja na sifuri. Meseji ya muamala ikiingia kwenye kitochi na ikiingia kwenye simu ya milioni tatu, hela iliyotumwa ni ile ile. Haiongezeki kwa sababu simu ni kali.

Kwa hiyo waya wa elfu kumi ukifikisha namba zote na waya wa laki tatu na nusu ukifikisha namba zote, picha ni moja. Weusi haukolei, rangi haziongezeki. Picha yako ikiwa imefifia, angalia taa ya projekta, angalia lenzi ina vumbi, angalia dirisha ulilosahau kufunga pazia. Waya mwache apumzike.

Waya wa dijitali ukishindwa kazi unakwambia waziwazi. Vile vinukta vyeupe vinavyometameta ni namba zinazopotea njiani. Zikipotea nyingi, projekta inashindwa kuelewa inachoambiwa, inazima, inajaribu upya. Ndiyo ile giza, picha, giza. Jamaa yangu ilimtokea na waya wa dhahabu. Kwa nini?

Mita 20. Jibu lote liko hapo na hakuna aliyemwambia, si staa, si muuzaji.

Waya wa kawaida wa HDMI ni shaba, na mawimbi yakipita kwenye shaba yanachoka kadiri safari inavyokuwa ndefu. Na yanachoka haraka zaidi kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa. Picha ya 1080p ina pikseli zaidi ya milioni 2, ya 4K ina zaidi ya milioni 8, kila moja inatumwa upya mara 50 au 60 kwa sekunde. Kwa 4K ya kasi hiyo, shaba ikivuka mita tano hivi unaanza kubahatisha. Kwa 1080p unaweza kufika mita kumi, hata kumi na tano ukipata waya mzuri mnene. Mita 20 za shaba tupu ni kamari, na kupaka dhahabu kwenye kichwa hakubadilishi kitu kwa sababu mawimbi yanachokea katikati, hayachokei kichwani.

Staa wetu chumba chake ni kidogo, rudi kaangalie video. Mashine zake zimekaa kwenye kabati chini ya projekta. Waya wake hauzidi mita tatu. Pale hata wa elfu nane ungefanya kazi, tena bila jasho. Yeye anaona picha nzuri, anaamini ni dhahabu. Shabiki ana sebule ndefu, king'amuzi kiko mbele, projekta iko nyuma, anachukua mita 20 za ule ule. Hapo ndipo tunapopigwa.

Nilikwenda Tabata Jumapili yake nikiwa na waya wangu wa mita mbili kwenye begi. Kwanza kabisa sikugusa waya, nikaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi. Kilikuwa kimewekwa 1080p. Nikashusha hadi 720p. Mzigo unapungua nusu hapo hapo, bure, hujatoa hata mia. Giza likapungua sana, likawa linakuja mara moja moja. Hii kila mtu ajaribu kabla hajaenda dukani, maana kuna watu wamebadilisha waya mara tatu wakati dawa ilikuwa kwenye rimoti. Na kwa projekta yake hakupoteza chochote, nitaeleza mbele.

Halafu tukafanya la pili, ambalo ndilo nawashauri wote wenye projekta nyumbani: sogeza mashine iende kwa projekta, usiivute HDMI iende kwa mashine. Tukapigilia kibao ukutani chini ya projekta, king'amuzi kikakaa pale. Waya wa dishi ndio tukaurefusha mpaka nyuma, kwa sababu ule umetengenezwa kwa safari ndefu, unatoka juu ya bati unazunguka nyumba na haulalamiki. HDMI ikabaki mita mbili. Sauti tukaitoa kwenye king'amuzi kwa zile pini nyekundu na nyeupe, waya mrefu wa sauti mpaka kwenye ampu na spika zilizoko mbele. Sauti ile haina mzigo mkubwa, mita 15 inakwenda poa, ila usiilaze sambamba na waya wa umeme, itavuma. Gharama yote, waya wa dishi, waya wa sauti, kibao na misumari, haikufika elfu arobaini. Tukarudisha 1080p kwa majaribio, tukaangalia muvi nzima. Haikuzima hata mara moja.

Ukilazimika kweli kwenda mbali, labda nyumba ni yako na unataka mashine zote zikae chumba kingine, njia zipo. Kuna HDMI za nyuzi za kioo ndani, zinabeba picha kwa mwanga, mita 20 au 30 kwake si kitu. Hizo bei yake ina maana, kwa sababu kazi wanayofanya shaba haiwezi. Ila zina upande: kichwa kimoja kimeandikwa cha kutokea, kingine cha skrini, ukigeuza hupati kitu na utamtukana muuzaji bure. Njia nyingine ni vile vidude viwili vinavyopitisha HDMI kwenye waya wa intaneti, kimoja huku kimoja kule. Na kama unajenga, tafadhali zika paipu nene ukutani kabla ya plasta. Kichwa cha HDMI ni kipana, hakipiti kwenye vile vipaipu vyembamba vya umeme, na waya ukifa ndani ya zege bila paipu ndiyo umekufa na ukuta wako.

Sasa maandishi ya kwenye boksi. Utaona "2.1", "8K", "4D", sijui "Ultra Pro Max". Zile namba za 1.4, 2.0 na 2.1 ni za mashine, si za waya. Ya 1.4 ilitoka 2009, ya 2.0 ikatoka 2013, ya 2.1 ikatoka 2017. Waya wenyewe unapangwa kwa kasi: High Speed ni gigabiti 10.2 kwa sekunde, Premium High Speed ni 18, Ultra High Speed ni 48, na hizi mbili za juu zinatakiwa ziwe na stika unayoweza kuiskani kwa simu. Projekta ya 1080p inatumia chini ya gigabiti 5. Yaani High Speed ya kawaida inakubeba na chenji inabaki. Kumuuzia mtu wa 1080p waya wa gigabiti 48 ni sawa na kumuuzia mwenye bodaboda tairi la lori.

Na hapa nirudi kwenye ile ahadi. Nilipofungua kijitabu cha projekta ya jamaa, kwenye boksi imeandikwa 4K kubwa kama bango. Ndani, maandishi madogo: inapokea 4K, lakini pikseli zake halisi ni 1280 kwa 720. Maana yake unaitumia picha ya pikseli milioni 8, yenyewe inaikamua mpaka ienee kwenye laki tisa na kitu ilizonazo. Ndiyo maana kushusha hadi 720p hakukumpotezea kitu. Na yeye ana bahati, maana zipo nyingi za 800 kwa 480, hazifiki hata pikseli laki nne, na boksini zimeandikwa 1080p kwa wino wa dhahabu vile vile. Kabla hujauliza waya gani, uliza projekta yako ina pikseli halisi ngapi. Ile laki tatu na nusu ya waya, angeiongezea kwenye projekta, leo angekuwa na 1080p ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata ile mechi.

Wenye vitu vya zamani msijisikie vibaya. Ile pini ya njano, pamoja na nyekundu na nyeupe za sauti, ndiyo ya chini kuliko zote. Picha nzima inabanwa kwenye waya mmoja, na ukiitandaza ukutani inchi 100 sura zinakuwa kama zimeoshwa na maji. Kwenye tivi ndogo ulikuwa huoni, kwenye projekta kila kitu kinaonekana. Kwa deki au PS2 ya kaka yako sawa, kwa king'amuzi chenye HDMI nyuma ni kujionea tu. Mafundi wengine wanaiweka kwa sababu ndiyo waya uliokuja kwenye boksi, basi. Kama kifaa kina zile tatu za kijani, bluu na nyekundu za picha, tumia hizo, ni analojia lakini zinabeba picha safi mbali kabisa na njano. Ila usichanganye nyekundu ya picha na nyekundu ya sauti, hapo watu wengi wameangaliaga muvi ya rangi za ajabu.

VGA, ule wa bluu wenye matundu 15 na skrubu mbili za pembeni, ni wa tangu 1987 na bado una heshima yake. Laptopu ya zamani kwenye projekta ya 720p, mita tatu nne, unaangalia bila shida. Ubaya wake hauna sauti, na huu ndio ambao waya mbovu kweli unaweza kufifisha picha, kwa sababu ni analojia. Huenda huyo aliyemwambia staa wetu habari za "picha kufifia" anakumbuka enzi za VGA. Ukitaka kutoka VGA kwenda HDMI unahitaji kibadilishaji chenye kijisaketi ndani na umeme wake, si pini tupu. Na kina upande: wa kutoka VGA kwenda HDMI hautatoa HDMI kwenda VGA. Nimeshuhudia Kariakoo mtu kanunua kisicho sahihi mara mbili kwa siku moja, mara ya pili muuzaji mwenyewe ndiye kamshauri.

Wa pili kwenye orodha yangu ni yule mchekeshaji, naye mnamjua, aliyejibu video ya staa kwa kusema waya ni ushamba, yeye anarusha kutoka kwenye simu bila waya. Huyu angalau hajauza kitu. Kurusha bila waya kwa video za mtandaoni na picha za harusi ni poa sana. Gemu hapana, unabonyeza pasi, mchezaji anapiga baadaye, umeshafungwa. Na baadhi ya programu za muvi zinakataa, unasikia sauti tu, picha nyeusi. Hiyo siyo ubovu, ni kufuli wameweka ili usinakili muvi zao. Kufuli hilo hilo ndilo linafanya ving'amuzi vingine vikatae kupita kwenye vile vigawio vya HDMI vya kugawa picha tivi mbili. Ukiona picha nyeusi, toa kigawio, chomeka moja kwa moja, uone kabla hujaanza kulaumu waya.

Na ile adapta ndogo ya kutoka tundu la chaji la simu kwenda HDMI? Nenda dukani na simu yako, chomeka kabla hujalipa. Simu nyingi za bei ya kati tundu lao linachaji na kuhamisha mafaili tu, picha halitoi hata uweke adapta ya bei gani. Muuzaji akikataa kujaribisha, toka.

Nisije nikaonekana nachukia dhahabu. Ile rangi kichwani ina kazi moja ya kweli, haishiki kutu, na kwa sisi wa pwani, na huu unyevu wa chumvi, pini kushika kutu ni jambo la kawaida. Ila utando wake ni mwembamba mno, na nyaya nyingi za elfu kumi na tano zinao tayari. Mimi nikinunua naangalia kichwa kimekaa imara, hakichezi kwenye tundu, na waya haukunjiki kama karatasi pale unapoingia kichwani, maana hapo ndipo zinapokatikia. Projekta ikining'inia, uzito wote wa waya unavuta tundu lake, kwa hiyo ufunge waya darini. Waya mnene wa kifahari, kwa taarifa yenu, ndio unaovunja matundu ya projekta kwa uzito.

Staa wangu, nilikuandikia kwenye ile video nikiuliza waya wako una mita ngapi. Maoni yangu yakafutwa baada ya dakika kumi, ya chawa yakabaki. Sikudai ulipe hela ya mtu. Ninachotaka uandike pale chini: mita tatu, projekta ya pikseli kadhaa, mashine iko kwenye kabati. Mistari miwili tu. Anayekupenda anakuamini kuliko fundi wake, na mwingine anakuamini kwa hela ya vikoba.

Jamaa alijaribu kuurudisha ule waya. Duka limegoma, wanasema umeshafunguliwa. Upo Tabata, umeviringishwa juu ya kabati la vyombo, mita 20 nzima, na mama kashauliza mara mbili kama unafaa kuanikia nguo.

Kama na wewe ulinunua ule ule, andika hapo chini mita ngapi na umechomeka nini kwenda nini, najibu mmoja mmoja. Chawa nao karibuni, ila mje na futi kamba.